Ekari Mbili za Mkia wa Mbweha

Viwanja Sitini, Ifakara
4 Septemba 2022

Mwanangu Aurelia,

Nyonga inaendelea kuunga. Daktari amenipa fremu ya chuma ya kutembelea. Naisukuma kutoka chumbani mpaka barazani, nakaa, naisukuma kurudi. Dada yako Valeria ananilisha kama ndama wa maonyesho.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu masikio yangu yameshaachana na simu, hilo unalijua. Ujumbe nao Valeria ananifupishia. Juzi nilimwona anasoma maneno yako kwa muda mrefu, kidole kinapanda na kushuka kwenye kioo, nikasubiri. Alipomaliza akanionyesha dole gumba. Habari zako zote zikawa dole gumba. Kwa hiyo nimezungumza na Kelestini, kondakta wa basi la asubuhi la Mngeta, amekubali kubeba bahasha zetu.

Sasa shamba la juu. Mwaka huu nina wasiwasi na mvua, usinichoke nikirudia unayoyajua. Mama yako aliziita nyasi zile mkia wa mbweha kwa ajili ya masuke yake. Kazini, nilipokuwa bwana mifugo, tuliziita senkrasi. Kwa jina lolote ni nyasi za porini kwetu, hazikuletwa na meli. Mashina matatu ya kwanza niliyachimba kando ya barabara ya Mikumi mwaka ambao kila kitu kilikuwa kimekauka isipokuwa yenyewe, nikayapakata kwenye basi kama mtoto.

Masuke ya mwisho yapitishie kiganja. Yakitoka yenyewe, yamekomaa; yakishikilia, yaache. Weka mbegu kwenye gunia, si kwenye plastiki, na usizipande mwaka huu, zinahitaji kulala. Ng'ombe wetu wawili uwakatie kwa mundu na uache kimo cha kiganja. Usiwaingize.

Uzio wa michongoma upande wa chini uzibwe. Nyasi zile si za ng'ombe wa mtu mwingine, na wa Ngusa hasa.

Baba yako,
Gaudensi

---

Mngeta
18 Septemba 2022

Baba, shikamoo.

Barua yako Kelestini aliniletea mpaka mlangoni, akasema wewe ni abiria wake wa kwanza asiyebishana nauli. Tumecheka.

Masuke nimepata magunia mawili, nimeyaning'iniza jikoni juu. Uzio nimeuziba. Nyasi kwa nje zimekuwa rangi ya mkeka, lakini ukifunua shina, ndani bado ni mbichi. Kila jioni nakata mafungu mawili, moja kwa kila ng'ombe, na maziwa hayajapungua.

Huku chini hali si nzuri. Kule bondeni ambako mwezi huu huwa tunavuka kwa mtumbwi, watu wanapita na pikipiki. Wafugaji wanakata matete mpaka yameisha. Juzi nimepita njia panda karibu na kwa Ngusa, kuna ndama amekufa kando ya njia, mdogo sana, amefunikwa na kanga. Sijui nani anafunika ndama na kanga. Kisimani nilikutana na mama Kulwa, mke wa Ngusa. Aliinamisha macho, na mimi nikainamisha ya kwangu, kama tulivyozoea.

Nyonga usiilazimishe.

Mwanao,
Aurelia

---

Viwanja Sitini
2 Oktoba 2022

Mwanangu,

Umefanya vizuri. Unashangaa ndani ni mbichi? Nilipochimba kisima kidogo cha shamba lile, nilishuka mpaka maji yananifika kifuani, na mizizi ya nyasi zile ilikuwa bado inanishika mabegani. Hizo haziishi kwa mvua ya mwaka huu. Zinaishi kwa mvua ya mwaka juzi.

Kuhusu ndama, nasikitika. Mnyama hana kosa. Lakini nakukumbusha, usije ukalainika. Miaka tisa iliyopita ng'ombe wa Ngusa waliingia kwenye mpunga wetu wakati wa mavuno, kaka yako Ignas alikwenda kuwatoa, mtoto wa Ngusa akamvunja mkono. Kijana wa miaka kumi na tisa. Mkono haukunyooka tena, na kilimo kikamshinda, ndiyo maana leo analinda stoo ya mbolea kule Kidatu. Ngusa kwenye kikao cha kijiji alikubali kosa, hakuwa na la kujitetea. Alimpeleka hospitali, ndiyo. Hakumrudishia mkono.

Tangu siku hiyo sijamsalimia na sioni sababu ya kuanza.

Baba yako

---

Mngeta
6 Novemba 2022

Baba, shikamoo.

Samahani kwa kukaa kimya. Kazi zimekuwa nyingi. Nyumbani wote wazima. Mvua hakuna. Ng'ombe wetu nawapa pumba kutoka mashineni na mabua ya mpunga, wanakula.

Nilitaka kukuuliza, kwa kujua tu. Mkia wa mbweha ukiliwa mpaka chini kabisa wakati wa kiangazi, unarudi? Na mashina yakigawanywa kabla mvua haijanyesha, yanaweza kusubiri kwa siku ngapi?

Salimia Valeria.

Aurelia

---

Viwanja Sitini
10 Novemba 2022

Aurelia,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ni fupi na haina uongo, lakini nimefanya kazi ya kukagua mifugo miaka thelathini na moja. Ng'ombe mwenye ekari mbili za nyasi hali mabua.

Nani ameingia shambani?

G.

---

Mngeta
15 Novemba 2022

Baba, shikamoo.

Ni Ngusa. Uzio haukufunguliwa kwa nguvu. Niliufungua mwenyewe.

Alikuja tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, asubuhi, na mama Kulwa. Hawakuingia uani. Ngusa alivua kofia akasimama nje, nami nikasimama kwenye mlango wa jiko. Mwishowe mama Kulwa akasema, "Dada, sisi hatujaja kwa mzee. Tumekuja kwako."

Nikamwambia, "Shamba ni la mzee."

"Tunajua," Ngusa akasema. "Nimebakiwa na ng'ombe kumi na saba. Walikuwa hamsini na nne. Wapo wasioweza kusimama bila kuinuliwa. Naomba nikate fungu moja kwa siku, la ndama tu. Ukisema hapana tutarudi, na kisimani tutaendelea kukupisha."

Baba, nilitaka kusema hapana. Nilikuwa nimeshaifungua midomo. Nikamwona mama Kulwa amejifunga kanga moja tu, na nikajua ile nyingine iko wapi.

Nikasema kata.

Walikata vizuri, kimo cha kiganja, niliwasimamia. Baada ya wiki mbili ng'ombe wakubwa nao wakaanza kuanguka, na wao wenyewe hawakuwa na nguvu ya kukata nyasi za wote. Nikafungua upande wa chini. Wamekula siku tisa. Shamba sasa ni vishina vifupi na samadi, ukilitazama kutoka barabarani utadhani limelimwa. Wetu wawili ndio waliokula mabua, na yule mwekundu maziwa yamekauka. Hakufa ng'ombe hata mmoja tangu siku ile niliyofungua.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Lakini kuna jambo moja nalisema kwa heshima zote. Nilikuwa darasa la saba ulipopanda mashina yale, na nakumbuka ulivyokuwa unawaambia watu. Ulisema mfugaji akiwa na ekari yake ya nyasi, hatakuwa na haja ya kushuka kwenye mpunga wa mtu. Ngusa alikuwa wa kwanza kuja kukuomba mbegu. Mlikuwa mnakaa hapo uani mnachora vitalu kwa kijiti. Halafu likatokea la Ignas, ukafunga uzio, na hakuna aliyepata hata shina moja.

Mashina niliyokuuliza ni ya kwake. Anataka kupanda. Nimempa.

Nisamehe, Baba.

Aurelia

---

Viwanja Sitini
20 Novemba 2022

Aurelia,

Nimepokea.

Usiniandikie tena kuhusu shamba.

G.

---

Viwanja Sitini
20 Novemba 2022

Mwanangu Ignas,

Nakuandikia kwa aibu. Nimeona ni vizuri uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwenye basi. Dada yako amelifungua shamba la juu kwa Ngusa, ng'ombe wake wamekula nyasi zote. Mimi sikuwepo na sikuulizwa. Ningekuwa na miguu yangu, lisingetokea.

Naomba radhi kwa niaba ya nyumba. Mkono wako haujasahauliwa na mimi.

Baba yako,
Gaudensi

---

Kidatu
11 Desemba 2022

Baba, shikamoo.

Mwandiko ni wa mkono wa kushoto, uvumilie. Barua yako ina wiki tatu mfukoni. Nimeanza kuijibu mara nyingi nikiwa zamu, nikachana.

Baba, usimkasirikie Aurelia. Kuna jambo sikulisema na kila mwaka likawa zito zaidi kulisema.

Siku ile sikwenda kutoa ng'ombe. Walikuwa wameshaanza kutoka. Masanja, mtoto wa Ngusa, alikuwa anawatoa, anaita kwa kilugha chao, na aliponiona akaniambia, "Kaka, samahani, nilipitiwa na usingizi." Nilimsikia vizuri. Mimi nilikuwa na panga. Nilikuwa nimeuona mpunga ulivyolala na sikutaka samahani. Ng'ombe wa nyuma kabisa alikuwa jike mwenye baka jeupe begani. Nilimkata mshipa wa mguu wa nyuma. Alikaa chini kama mtu, akanigeukia.

Hapo ndipo Masanja aliponipiga. Fimbo moja. Wewe husema walinipiga, walinipiga, mimi nanyamaza. Ilikuwa fimbo moja, na nilikuwa nainua panga tena.

Yule jike walimchinja usiku huohuo kimyakimya. Kwenye kikao Ngusa aliulizwa kama ana la kusema. Alinitazama. Nilikuwa nimekaa karibu yako, mkono umefungwa kwenye mbao, na wewe ulikuwa umeniwekea kiganja mgongoni. Akasema hana la kusema.

Ningeweza kusema mimi. Nilikuona ulivyokuwa umenishika, nikashindwa.

Mkono sikuupoteza kwa sababu ya Ngusa, Baba. Nimekuachia umchukie miaka tisa kwa ajili yangu. Nilidhani ni mzigo wake. Kumbe ulikuwa unaubeba wewe.

Ignas

---

Mngeta
3 Januari 2023

Baba, shikamoo. Heri ya mwaka mpya.

Uliniambia nisikuandikie kuhusu shamba. Sikuandikii kuhusu shamba.

Imenyesha. Siku nne mfululizo.

Aurelia

---

Viwanja Sitini
8 Januari 2023

Bwana Ngusa,

Ignas ameniandikia. Ameniambia habari za ng'ombe mwenye baka jeupe.

Nimekaa na barua yake tangu kabla ya Krismasi. Siku ya Noeli wajukuu walinipikia samaki wa kitoga na wali, nikarudisha sahani ikiwa imejaa, Valeria akadhani ni nyonga.

Nina swali moja nawe uko huru kutonijibu. Kwa nini ulinyamaza?

Gaudensi

---

Mngeta
22 Januari 2023

Mzee Gaudensi, shikamoo.

Mimi shule niliishia darasa la nne. Nimeandika mwenyewe, makosa utanisamehe.

Umeuliza kwa nini nilinyamaza. Nilihesabu hivi. Nikisema, kijana wako anafungwa kwa panga na kijana wangu anafungwa kwa fimbo. Nikinyamaza, wote wawili wanalala nyumbani. Nikaona kunyamaza ni rahisi. Sikujua na wewe utanyamaza miaka tisa.

Tena nilikuwa na aibu. Ng'ombe walikuwa wangu na mpunga ulikuwa wako. Ng'ombe mmoja aliyekatwa hafuti mpunga ulioliwa. Masanja nilimwadhibu kwa kulala kazini. Kwa fimbo ile sikumwadhibu, kwa sababu angeichelewesha, sijui panga lingeshuka wapi. Sasa yuko Rufiji, ana watoto wawili.

Nilitamani kuja kwako. Nilifika mpaka kwenye uzio mara mbili, mwaka wa kwanza na mwaka wa tatu. Mara zote mbili ulikuwa shambani umeinama na mundu, ukaniona, ukaendelea kukata. Nikarudi.

Mwaka jana ng'ombe wangu walikula nyasi zako nikiwa nimesimama nimevua kofia. Siku zote tisa sikuivaa. Mke wangu aliniambia nitaunguzwa na jua.

Sasa habari njema. Shamba lako limerudi. Aurelia anasema amekatazwa kukuambia, mimi sijakatazwa. Wiki mbili baada ya mvua lilifika kwenye kifundo cha mguu, leo linakaribia magoti, na pale samadi ilipoanguka ni zito zaidi. Sijaingiza mnyama na sitaingiza.

Mashina aliyonipa nimeyapanda nusu ekari, hatua moja kutoka shina hadi shina, kama tulivyochora zamani. Mengi yameshika. Lakini upande mmoja majani ya chini yanakuwa ya njano na shina linalegea ukilivuta. Mke wangu anasema ni wadudu. Mimi sijui. Nimechimbua moja nikalitazama, sijaona kitu. Je, ni ugonjwa? Niyang'oe?

Ni mimi,
Ngusa

---

Viwanja Sitini
5 Februari 2023

Mwanangu Ignas,

Barua yako ilinifikia kitambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kukujibu nikiwa na hasira, na baadaye sikutaka kukujibu nikiwa na huzuni.

Ulikosa, na baadaye ukaogopa. La kwanza ulikuwa kijana. La pili nilikusaidia mwenyewe, maana sikukuuliza hata siku moja ilikuwaje. Nilikuwa nimeshajijibu.

Pasaka uje nyumbani. Ukifika, uende kwa Ngusa kwa miguu yako umwambie uliyoniambia. Mimi siwezi kukusemea, na wala usitume dada yako. Ukirudi kutoka huko, tutakula.

Baba yako anayekupenda,
Gaudensi

---

Viwanja Sitini
12 Februari 2023

Mwanangu Aurelia,

Daktari ameniruhusu. Fremu nimeirudisha, natembea na fimbo, polepole lakini naenda. Nitapanda basi la Jumanne na Kelestini ameahidi kunitafutia kiti cha mbele.

Nilikuandikia vibaya mwezi wa kumi na moja. Mistari miwili ile nimeijutia kuliko barua ndefu yoyote niliyowahi kuandika. Ulifanya jambo nililokuwa nalihubiri nilipokuwa nalipwa mshahara kulihubiri, na ukalifanya mwaka ambao lilikuwa na gharama. Mwekundu atarudisha maziwa akizaa. Kama hatarudisha, basi.

Uliniuliza na sikukujibu, kwa hiyo nakujibu leo. Nyasi zile zikiliwa mpaka chini mara moja, hazifi. Kinachoziua ni kurudiwa kabla hazijapumzika. Ziache mpaka zitoe masuke na yaanguke yenyewe, ndipo ushike mundu. Mbegu za jikoni zitakuwa tayari mvua zijazo. Gawa gunia moja kwa wafugaji wa kule chini watakaoomba, na waambie wasizifukie. Wazinyunyize juu, wakanyage kwa miguu, inatosha.

Tangu asubuhi nafikiria majani ya njano ya Ngusa. Wadudu sidhani. Nahisi amepanda penye kutuama maji, na mkia wa mbweha huvumilia jua miezi minane lakini hauvumilii tope wiki mbili. Labda mfereji mmoja unatosha, labda mashina yahamishwe. Nilianza kumwandikia nikaacha. Jambo kama hilo haliandikwi, mtu anakwenda kuangalia.

Kwa hiyo Jumanne usinisubiri stendi. Nimemwambia Kelestini anishushe njia panda, kwa Ngusa. Ngusa hajui. Sijui nitaanza na neno gani na sijui nitakaa muda gani.

Chakula cha mchana mle bila mimi.

Baba yako,
Gaudensi